Bonde la Msimbazi kuelekea masika: yanayoeleweka kinyume kuhusu mita 60, mitaro na tahadhari za mvua

Masika yanapokaribia, malalamiko kutoka kwa wakazi wa kingo za Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, na vijito vyake huongezeka. Mengi yanauliza jambo moja: kama serikali inajenga mradi mkubwa wa kudhibiti mafuriko Jangwani, kwa nini bado nyumba zinawekewa alama ya X, ya kutakiwa kubomolewa, na vibali vya ujenzi vinakataliwa? Swali hilo lina msingi.

Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 200 mwaka 2022, unahusu kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, kuchimba na kupanua njia ya mto, kuondoa karakana ya mabasi yaendayo haraka bondeni, na kuifanya sehemu ya chini ya bonde kuwa eneo la wazi la mji. Hakuna mahali popote ambapo mradi huo unaligeuza bonde kuwa viwanja vya makazi. Daraja la juu linawawezesha watu na magari kuvuka maji yakiwa yamejaa. Halipunguzi maji, na maji hayo yanahitaji pa kutandaa. Pa kutandaa ndiyo bonde lenyewe.

Tabia ya mto huu inajulikana. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe na kushuka kwa kasi, ukizoa mchanga njiani. Mteremko unapopungua, kasi nayo inapungua na mchanga unatua, hivyo sakafu ya mto huinuka mwaka hadi mwaka na makalavati huzibwa na mchanga uliochanganyika na plastiki. Kwa maana hiyo mvua ileile iliyopita bila madhara miaka kumi iliyopita inaweza leo kuingia sebuleni. Mwishoni mto unapita kwenye mikoko ya Daraja la Selander na kuingia baharini. Maji ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, yakijaa wakati mto nao umejaa, maji ya mto hukosa pa kutokea na kurudi nyuma, na nafuu haipatikani mpaka bahari ipwe, takriban saa sita baadaye. Mkazi wa Mchikichini au Kigogo anayefuatilia mvua peke yake bila kuangalia majira ya maji kujaa na kupwa anafuatilia nusu ya habari.

Kauli ya "huku kwetu hakuna mvua" imekwisha kugharimu maisha. Mvua ikinyesha Kisarawe, Pugu na Ukonga, maji yake yanafika Jangwani baada ya saa chache hata kama anga la Kariakoo ni jeupe. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walipoteza maisha Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baadhi ya viwanja walivyoviacha vilikaliwa tena na watu wengine, wengi wao wakiwa wapangaji ambao hawakuambiwa chochote na wenye nyumba.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaihesabu ardhi iliyo ndani ya mita hizo miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Kipimo kinaanzia ukingoni, pale ardhi tambarare inapokatika na kuteremkia mtoni. Hakianzii kwenye maji unayoyaona Januari mto ukiwa kijito cha kuruka, wala katikati ya mto. Kumbuka pia kwamba ukingo unasogea. Kila masika mto unakula udongo, hasa kwenye kona upande wa nje, kwa hiyo nyumba iliyokuwa mita 70 kutoka ukingoni inaweza kujikuta ndani ya eneo lililozuiwa bila mwenye nyumba kuongeza tofali hata moja.

Hapa ndipo nyaraka nyingi huletwa mezani, na nyingi hazithibitishi kile mwananchi anachodhani. Hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa inaonyesha kwamba fedha zilitolewa na nani alizipokea. Leseni ya makazi ni ya muda maalumu na haifuti mita 60. Kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inakatwa kwenye mita ya umeme, na mfumo huo haupimi umbali wa nyumba kutoka mtoni. Tunarudia jambo hili kila msimu: kulipa kodi ni wajibu, lakini hakuhalalishi ujenzi.

Kabla ya kununua kiwanja karibu na mto, korongo au bwawa, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri husika ukiwa na vipimo vya eneo (koodineti), siyo maelezo ya mdomo, na uombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Kama mchoro hauonyeshi mpaka wa mto waziwazi, uliza Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo Msimbazi uko chini yake. Majibu yatolewe kwa maandishi. Baada ya hapo ndipo ombi la kibali cha ujenzi linaposhughulikiwa. Kujenga kwanza na kuomba kibali baadaye ndiko kunakozaa kesi nyingi.

Ukipewa notisi, soma mambo manne: tarehe, kosa lililotajwa, hatua unayotakiwa kuchukua na siku ulizopewa. Jibu kwa barua ndani ya siku hizo hata kama hukubaliani nayo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Notisi isiyojibiwa inaweza kufuatiwa na amri ya kusitisha ujenzi, kisha amri ya kurejesha eneo katika hali yake, na gharama za kurejesha ni za aliyeharibu. Shauri likifika mahakamani, adhabu inaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Alama ya X haifutwi kwa kupaka rangi juu yake, kwa kuwa kumbukumbu ya ukaguzi iko ofisini.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zina ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Mvua kubwa inayotajwa humo ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kiasi hicho kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000 za maji kutoka nyumba moja. Simtanki la lita 1,000 linajaa mvua ikifika milimita 10 tu. Kuvuna maji ya mvua ni jambo jema na tunalihimiza, lakini bomba la kumwaga ziada lielekezwe mtaroni, si kwenye ukuta wa jirani.

Kwa njano, safisha mtaro wa mbele ya nyumba, pandisha nyaraka na vyakula juu, na kubalianeni mtakapokutana. Kwa chungwa, wazee, watoto na wagonjwa walale kwa ndugu walio juu ya bonde. Kwa nyekundu, ondokeni wote kungali mchana. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi. Yakishafika, usiiguse ukiwa umesimama majini. Maji yanayokwenda kwa kasi, kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinabeba magari mengi. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kuhusu viroba vya mchanga, makosa ni yaleyale. Vinajazwa mpaka vinakuwa vigumu kama jiwe, hivyo havilaliani na maji yanapita katikati. Jaza nusu au zaidi kidogo, kunja mdomo na uulaze chini ya kiroba chenyewe, panga kama matofali kwa kupishanisha viungo, na utandike nailoni nzito upande wa maji. Ukuta wa sentimita 60 unahitaji kitako cha karibu mita 1.8. Viroba ni vya mlangoni. Kupanga matairi na kifusi ndani ya mto ili kuokoa ukuta wako kunaubana mto na kuyasukumia maji ng'ambo kwa jirani, na ni kosa kisheria.

Mitaro isafishwe Februari kwa masika na Septemba kwa vuli, na tope lizolewe siku hiyohiyo. Tope linaloachwa kando ya mtaro hurudi ndani kwa mvua ya kwanza, na kazi ya mtaa mzima inapotea ndani ya nusu saa.

Tabia ya kutapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kiende na maji ya mvua, tunaikemea bila kuzunguka. Kinyesi hicho kinaingia kwenye visima na nyumba zilizo chini, na kipindupindu hufuata. Anayeona jirani akifanya hivyo, au lori likimwaga kifusi mtoni, atoe taarifa kwa mtendaji wa mtaa kwa kutaja mahali, saa na namba ya gari. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 kamati za maafa zinashuka hadi ngazi ya mtaa. Baada ya mafuriko, maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yasinywewe hata yakionekana safi. Kisima kitolewe maji yote na kutiwa klorini chini ya usimamizi wa afisa afya wa kata, na hadi hapo tumia maji ya chanzo kingine yaliyochemshwa.