Elimu pana na mwananchi anayeuliza

Kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji kandokando ya Ziwa Victoria hubandikwa karatasi ya mapato na matumizi. Mmoja anaipita kama tangazo la kawaida. Mwingine anasimama, anajumlisha kwa kidole, anakuta jumla hazikubaliani, na siku ya mkutano mkuu wa kijiji ananyoosha mkono: "Mwenyekiti, haya 'matumizi mengineyo' ni yapi?"

Swali hilo linataka hesabu. Linataka pia kuijua haki yako kisheria, kusema bila kutukana, na kutoogopa macho ya wakubwa waliokaa mbele. Hakuna somo moja linalokupa yote hayo. Ndiyo maana sisi tunaofundisha chuoni hapa Mwanza tunaitetea elimu pana: mwanafunzi wa uhandisi asome historia, wa fasihi asome takwimu, na wote wazoee kubishana kwa hoja.

Wazazi hutuuliza, "Mwalimu, akisoma falsafa atakula nini?" Wana haki ya kuuliza, maana ada inatoka kwenye dagaa na pamba. Lakini elimu pana haifuti ujuzi wa kazi. Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana, kilichoanzishwa na mhandisi Patrick Awuah mwaka 2002, kinafundisha kompyuta na biashara, na papo hapo wanafunzi wote wanasoma masomo ya jamii na utu. Tena wanafunzi wake walipiga kura kukubali kanuni ya uaminifu, na tangu hapo mitihani hufanywa bila msimamizi chumbani. Huo ni uraia, na wanaujifunza kwa kuuishi.

Wala elimu hii si ya matajiri peke yao. Huko Rødding, Denmark, ilifunguliwa shule ya wananchi mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa wakulima, kutokana na mawazo ya Grundtvig, mchungaji na mwanafikra wa Denmark, aliyetaka elimu ya mazungumzo badala ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilichota kwenye mfano wa shule za namna hiyo za nchi za Nordiki. Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili ya udadisi.

Hata hivyo, vyeti peke yake havilindi demokrasia. Ujerumani ilikuwa na vyuo vikuu vilivyoheshimiwa dunia nzima, na bado tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa vyuo hivyo ndio waliochoma vitabu hadharani. Kusoma sana bila kuzoea kupingwa ni hatari, na hilo linanitia hofu kuliko uhaba wa madawati.

Chukua mkutano wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ziwa, mwaloni, mjadala ukiwa ni sangara wa chini ya sentimita 50. Aliyesoma baiolojia ataeleza kwamba samaki huyo avuliwe baada ya kuzaa. Aliyesoma uchumi atauliza mwenye mtumbwi atalipa mkopo wa injini kwa fedha gani msimu huu. Aliyesoma historia atakumbusha kwamba sangara mwenyewe si wa asili hapa. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, enzi za ukoloni, na wavuvi hawakuwa na kura katika uamuzi ule. Hoja zote tatu ni za kweli, na zinavutana. Kijana aliyefundishwa jibu moja tu atapiga kelele au atanyamaza. Aliyezoezwa kuzipima ataomba kumbukumbu za mavuno ya mwaka jana zisomwe kabla ya kura.

Kwa hiyo walimu wa sekondari, rudisheni midahalo, na mwanafunzi apewe upande asioupenda. Wazazi, mtoto akiuliza "kwa nini" mezani, msimwambie amekosa adabu. Na kwa kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea: mkutano mkuu wa kijiji ni haki yako, kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Nenda na kalamu.