Juisi ya kranberi haitibu figo

Imani kwamba juisi ya kranberi, tunda dogo jekundu lenye uchachu, "husafisha figo" imetoka Marekani, na ina chembe ya ukweli. Zamani ilidhaniwa kuwa uchachu wake huufanya mkojo uwe mkali hadi kuua vijidudu. Glasi moja au mbili haziwezi kazi hiyo. Siku hizi wataalamu hutazama zaidi kemikali za tunda hilo ziitwazo proanthosianidini, ambazo huzuia bakteria wa E. coli kung'ang'ania ukuta wa kibofu. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliona kwamba kranberi huwapunguzia watoto, na wanawake wanaosumbuliwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara kwa mara, uwezekano wa kuugua tena. Hiyo ni kinga, si tiba. Kwa wajawazito, faida haikuonekana.

Bakteria wakishapanda hadi kwenye figo, mambo ni mengine kabisa. Homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni vinahitaji kipimo cha mkojo na antibayotiki, siku hiyo hiyo, maana maambukizi yakiachwa yanaweza kuingia kwenye damu. Anayependa ladha yake anywe tu, ila anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza.