Vidonda vya kitandani: seli za ngozi zinapobanwa zikakosa oksijeni

Mimi ni muuguzi wa vidonda. Ndugu wanaomtunza mgonjwa wa kiharusi nyumbani huniuliza sana: "Sista, tumpake nini asipate vidonda?" Huwajibu kwamba hakuna cha kupaka kinachoweza kuchukua nafasi ya kumgeuza. Sababu iko ndani ya seli zenyewe.

Tabaka la juu la ngozi halina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake hutegemea oksijeni inayopenya kutoka kwenye vimishipa vya tabaka la chini, na nyingine kidogo kutoka hewani. Kwa hiyo hata kwa mtu mwenye afya zimezoea oksijeni haba. Zina kinga: protini iitwayo HIF-1. Oksijeni ikitosha, protini hiyo huvunjwa muda wote. Ikipungua, hubaki nzima, huingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za kupata nishati bila oksijeni na za kuotesha mishipa mipya. Wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kugundua jinsi seli zinavyotambua oksijeni na kujirekebisha.

Lakini kinga hiyo ina kikomo. Mgonjwa akilala chali bila kusogea, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, na vimishipa huzibika. Seli huishiwa nishati, asidi hujaa, chumvi na maji huingia, zinavimba. Zikiwa katika hali hiyo hutoa kemikali za kuita chembe nyeupe za damu, na hapo sehemu hupata joto na maumivu. Kisha damu ikirudi baada ya kukatika muda mrefu, oksijeni inayoingia kwa ghafla huzaa molekuli kali zinazochoma kuta za seli zilizokwisha kudhoofika. Ndiyo maana nasisitiza kugeuza mapema: kwenye godoro la kawaida la sifongo, takriban kila saa mbili, usiku pia. Najua usiku ni mzito kwa mtunzaji aliye peke yake, pangeni zamu.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na wagonjwa wetu wanaumia kwa kusubiriwa dalili hiyo. Tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya mfupa wa makalio, kwenye nyonga, kwenye kisigino, halafu linganisha na ngozi ya jirani. Je, pana joto zaidi, au ubaridi? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tope? Pameiva zambarau? Misuli hufa kabla ya ngozi, hivyo doa dogo juu linaweza kuficha shimo kubwa chini.

Kisigino kina nyama kidogo mno. Laza mto kwa urefu chini ya shavu la mguu, kuanzia chini ya goti hadi juu ya kifundo, goti likunjwe kidogo, kisigino kining'inie. Pitisha karatasi chini yake. Ikikwama, panga upya. Glavu zilizojazwa maji acheni kabisa, na ringi ya kukalia vilevile: zinahamishia mgandamizo kwenye eneo dogo na kukata damu pembeni. Wala msisugue sehemu iliyobadilika rangi. Vimishipa vyake tayari vimeumia.

Upungufu wa damu, sigara na kisukari hupunguza oksijeni inayofika kwenye ngozi, kwa hiyo daktari avishughulikie. Chakula kiwe na mayai, maharage, samaki, kwa kuwa ngozi hujengwa kwa protini.

Ukiona lengelenge lenye damu, au ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, usitoboe wala usibandue. Ondoa uzito hapo, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.