Kupimwa sukari siyo kupimwa kongosho

Jana tena, barazani pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja ananambia "mie kongosho langu zima, nimepimwa wiki iliyopita". Kumuuliza kapimwa vipi, ati katobolewa kidole, tone la damu likatiwa kwenye kijimashine, ikasoma tano nukta sita. Hii mara ya nne au ya tano naisikia mwezi huu na kila mara nanyamaza, sasa nshachoka.

Kongosho ni kiungo cha kama sentimita 15 hivi, kimelala nyuma ya mfuko wa chakula, mkia wake unafika karibu na bandama (na si bandama, hilo ugomvi wa siku nyengine). Kazi mbili: linamwaga maji ya kusagia chakula utumboni, na linatia insulini, ile homoni inayoshusha sukari, kwenye damu. Basi.

Hebu litazame hilo neno insulini. Limetoka kwenye Kilatini, insula, yaani kisiwa, kama hiki chetu! Mwaka 1869 kijana wa Kijerumani, Paul Langerhans, bado mwanafunzi wa udaktari, alilitia kongosho kwenye hadubini akaona vijikundi vya seli vimejitenga katikati ya nyama nyengine, kazi yake hakuijua, vikaja kuitwa visiwa vya Langerhans na baadae ndo ikajulikana insulini inatoka humo. Sasa visiwa hivyo vyote ukivikusanya havizidi asilimia 1 au 2 ya kongosho. Ilobaki karibu yote ni bahari, ndo inayotengeneza yale maji ya kusagia chakula.

Kwa hiyo aliepimwa sukari kauliza habari za kisiwani tu, za baharini hakuuliza. Na hata hizo za kisiwani kapata nusu, kwa sababu yupo mtu kongosho lake linatoa insulini tele ila mwili hauitikii, sukari inapanda vilevile, na yupo mwengine sukari yake nzuri kumbe kongosho limevimba hana hali.

Daktari akilishuku kongosho haishii kwenye kidole. Anauliza hayo maumivu yako chini ya chembe cha moyo? yanapenya mpaka mgongoni? Anachukua damu ya mshipa kutafuta lipesi na amilesi, ambavyo ni vimeng'enya vya kusagia chakula vinavyotengenezwa na kongosho, vikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida hapo kuna neno. Halafu picha. Kwenye hayo matatu, maumivu, damu na picha, yakitimia mawili ndo anasema kongosho limevimba ghafla. Altrasaundi inasaidia kuona vijiwe vya nyongo, sababu moja kubwa ya ugonjwa huu, lakini kongosho lenyewe gesi ya matumbo hulificha, ndo unaona watu wanapelekwa CT skani. Saratani nayo ni habari nyengine, hapo lipesi inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kazi inabaki kwa picha na kukata kinyama kikapimwe.

Mzee wangu sikumwambia yote haya, kahawa ingepoa. Nimemwambia tu, babu, ukiulizwa sema nimepimwa sukari na sukari yangu nzuri alhamdulillah, kongosho hawajalitazama, na madhali halikuumi wala huna dalili nyengine, hawana sababu ya kulitazama.