Kitanzi chembamba: jinsi mshipi wa nzi bandia unavyopenya upepo

Katika uvuvi wa nzi bandia, ndoano iliyovikwa manyoya, yaani huyo nzi, ni nyepesi mno kurushwa peke yake. Uzito uko kwenye mshipi mnene unaoibeba: ule wa namba 5 (namba hupanga mishipi kwa uzito) una takriban gramu 9 katika mita 9 za mwanzo. Mvuvi akiipeleka fimbo mbele na kuisimamisha ghafla, mshipi hujikunja hewani kama herufi U iliyolala, kisha hujikunjua mpaka ncha. Mkunjo huo ndio kitanzi.

Kitanzi kipana hukamatwa na upepo, chembamba hupenya. Upana wake hutokana na njia ya ncha ya fimbo: ikienda mstari mnyoofu, kitanzi hubana, ikichora upinde, hupanuka. Ndiyo maana kutumia nguvu hakusaidii. Upepo ukimpiga usoni, mtu hukaza misuli, mkono unazunguka nusu duara, na nzi anaanguka karibu na miguu yake. Na nguvu ikitiwa mapema mno, ncha hubonyea katikati ya safari, mshipi wa juu unaukata wa chini, na uzi mwembamba wa mwisho unajifunga fundo. Upepo husingiziwa bure.

Kinachohitajika ni kasi, nayo hutoka mkono wa pili. Fimbo inapoongeza mwendo, mkono huo huuvuta mshipi kwa mshtuko mfupi, kisha huurudisha kuelekea fimbo. Mara moja fimbo ikienda nyuma, mara moja ikienda mbele. Kama ni kujifunza mbinu moja tu, mimi ningeanza na hii, tena majanini, si majini.

Upepo wa mbele hutaka mrusho wa nyuma uwe juu na wa mbele uwe chini, kitanzi kifunguke karibu na maji. Upepo wa nyuma hutaka kinyume chake. Wenye hatari hasa ni ule unaovuma kutoka upande wa mkono unaorusha, kwa sababu huisukuma ndoano sikioni. Inamisha fimbo ipite juu ya bega la pili, au geuka na umwachilie nzi kwa mrusho wa nyuma. Miwani na kofia havina mjadala.

Uzi wa mwisho nao ufupishwe, kutoka mita 2.7 hadi 2 hivi. Kwenye maji tulivu samaki waoga wangeshtuka, lakini mawimbi madogo ya upepo huuficha.