Sahihi ya kidijitali kwenye programu inakwambia nini hasa

Utasikia watu wanashauriana, ukidaunlodi programu angalia kama ina sahihi ya kidijitali, ikiwepo we install tu. Hapana jamani. Sahihi inakwambia mambo mawili basi, nani kaisaini hiyo faili na kwamba tangu aisaini hakuna aliyeichezea, ni kama lakiri ya mtungi wa gesi, unajua umetoka kwa nani na haujafunguliwa njiani. Kama ndani kuna ubaya, lakiri haisemi.

Inavyofanya kazi, kampuni inapiga hesabu ya faili nzima, mara nyingi kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, inapatikana namba ndefu ya faili hiyo tu, halafu inaisaini hiyo namba kwa ufunguo wake wa siri. Kompyuta yako nayo inapiga hesabu upya na kuhakiki kwa ufunguo wa wazi, pacha wa ule wa siri, uliomo kwenye cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha aliyesaini, na faili ikibadilishwa hata herufi moja tu hazilingani tena. Cheti chenyewe kinatolewa na makampuni kama DigiCert na Sectigo, ambao wanahakiki mwenye jina yupo kweli, programu yake hawaikagui.

Kwenye Windows bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, kisha Digital Signatures, chagua jina halafu Details. Wengi wanaishia kuona jina lipo wanafunga, wakati faili iliyochezewa jina linaweza kubaki palepale, ni ndani ya Details ndo unaambiwa sahihi ni OK au si halali. Na lisome jina vizuri, programu inajiita ya Adobe halafu aliyesaini ni kampuni usiyoijua, achana nayo.

Sasa 2017 kulikuwa na CCleaner 5.33, programu ya kusafisha kompyuta, ilitoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, Piriform, sahihi yao halali kabisa, na ndani ina kirusi, kwa sababu wadukuzi waliingia kule kule inakotengenezwa kabla haijasainiwa. Kompyuta kama milioni 2.27 ziliipata! Stuxnet nayo, kirusi kilichogunduliwa 2010, ilisainiwa kwa vyeti vilivyoibwa vya kampuni za Realtek na JMicron.

Kwenye simu za Android ndo usiseme, kila APK, yaani faili ya kuinstall programu, lazima isainiwe lakini yeyote anajitengenezea ufunguo wake, kwa hiyo GBWhatsApp, ile WhatsApp iliyobadilishwa na watu wengine, unayorushiwa kwenye grupu imesainiwa ndiyo, ila si na WhatsApp.

Na faili isiyo na sahihi kabisa sio lazima iwe mbaya, cheti ni hela na watengenezaji wadogo wengi hawanunui. Hapo nenda tovuti yao halisi uone kama wameweka ile namba ya SHA-256, fungua cmd, lile dirisha la Windows la kuandika amri, uandike certutil -hashfile kisha jina la faili kisha SHA256, ukiacha nafasi katikati bila mkato, ulinganishe namba yote mpaka mwisho.