Picha za Ndege Mwanza: Asubuhi Ufukweni, Alasiri Kwenye Boti

Anayerudi na picha mbovu za ndege wa Ziwa Victoria huilaumu lenzi. Mara nyingi tatizo ni saa aliyotoka na mahali aliposimama.

Kuanzia usiku hadi asubuhi upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Nchi ikishapata joto, upepo hugeuka. Ndege aliyetua hupenda kuuelekea upepo, na akiruka huruka akiukabili. Jiji la Mwanza liko mashariki mwa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo saa moja hadi saa tatu asubuhi piga ukiwa ufukweni ukitazama ziwani: jua liko mgongoni kwako na mnandi, ndege weusi wapiga mbizi, waliotua kwenye mawe ya majini wanakutazama. Ukiwa kwenye boti saa hizo ukielekea mjini, utaambulia mikia na vivuli. Boti ni ya saa kumi alasiri, jua na upepo vinapotokea nyuma yako, ingawa mawimbi nayo huwa yameongezeka. Adhuhuri pumzika, mawe yameshika moto, hewa juu yake inachezacheza, na hakuna lenzi inayotibu hilo.

Mwambie nahodha azime injini mapema na kuacha boti ielee. Tripodi, stendi ya miguu mitatu, iache, maana hubeba mtikisiko wote wa boti. Shika kamera mkononi, viwiko vimebana mbavu. Ndege aliyetulia mpige kwa kasi ya shata ya sekunde 1/1000, na mdiria anayepepea juu ya maji kabla ya kupiga mbizi kwa 1/2500, hata kama ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) itapanda. Chenga za ISO husafishika baadaye, picha iliyotikisika haisafishiki.

Furukombe, tai walao samaki ambao Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa iliyo ziwani, kinasifika kwa wingi wao, huwatesa wengi. Kichwa na kifua ni vyeupe, mabawa meusi. Akitua mbele ya majani yenye giza, kamera hudhani mwanga hautoshi na kuuongeza; kichwa kinatoka kama karatasi, bila hata alama ya unyoya. Punguza mwanga hatua 1 kwenye kitufe cha +/-, kisha kagua grafu ya mwanga (histogramu) kwenye skrini ya kamera kabla hajaondoka. Mnandi mweusi kwenye anga jeupe ni kinyume chake: ongeza hatua 1.

Kumrushia furukombe samaki ili ashuke ni tabia mbaya, hata mwendesha boti akijitolea. Kwenye viota ndiyo kabisa: mzazi akifurushwa, mayai huchomwa na jua au huliwa na mwewe. Ndege akinyoosha shingo na kuacha kula, umeshasogea mno, rudi nyuma. Droni hairuhusiwi hifadhini bila kibali.

Usubi wa ziwani ukitanda, funika lenzi. Wakishanata usiwafute kwa kitambaa, kwani ukiwaponda huacha mafuta kwenye kioo. Wapulize kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo utumie kitambaa laini chenye dawa ya lenzi.